Mkono Nilioutoa Dirishani

Mwanangu Skola,

Usizidharau hizi karatasi. Upande wa pili ni orodha za mizigo ya safari zilizopita, na ukiona doa la mafuta ya chapati pale pembeni, kosa ni langu. Nimekaa ndani ya lori hapa Malaba, saa nane mchana, na foleni haijasogea tangu saa nne. Mama Karo, yule jirani yetu anayetuuzia chai huku, anarudi nyumbani saa kumi na moja. Ameniahidi atakupa barua hii mkononi mwako, asimpe mama yako wala mtu mwingine.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Nakuru kuanza kazi. Kazi yenyewe ni ya kusimamisha na kupima kamera za mwendo barabarani. Mimi, dereva wa lori tangu sijaota ndevu, nimezaa mtu wa kamera. Wenzangu wamenicheka mpaka wakachoka, nami nawaambia hata kuku huangua bata. Mambo ya blanketi, sufuria, na kutolala na simu chini ya mto, mama yako atakwambia, na akimaliza atarudia tena toka mwanzo. Hayo namwachia.

Utauliza, kutoka Malaba mpaka nyumbani ni hapo tu, si ningepanda boda nikaja kukuaga? Nilitaka kukuandikia kwamba lori haliachwi kwenye foleni, kwamba usiposogea wenye pupa wanakupita. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Nina wenzangu watatu hapa ambao wangenisogezea lori bila kuuliza swali. Sijaja kwa sababu naogopa uso wako. Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa darasa la nne, linahusu mguu wako, na sitaki uende kabla hujalisikia kutoka kwangu mwenyewe.

Wacha nianze mbali kidogo, maana kulianzia katikati nimejaribu, nikachana karatasi mbili.

Nilipofundishwa kazi hii, kabla hata ya kujua kurudisha trela nyuma, nilifundishwa ishara. Ukikutana na mwenzako anatoka kule unakoelekea, unampigia taa mara moja, yaani unamuuliza, mbele kukoje? Akijibu kwa taa mara mbili, ujue polisi wamejificha mahali na kamera yao ya mkononi, ushike breki. Akitoa mkono dirishani, kiganja kikiangalia chini, akaupunga polepole, maana yake barabara ni wazi, jiachie. Mzee aliyenifundisha alisema dereva asiyejibu ishara ni mchawi, na mimi niliamini. Nimewahi kusahau mengi katika maisha yangu, nimewahi hata kumsahau mama yako sokoni Busia nikaenda zangu, lakini sijawahi kumnyima dereva mwenzangu ishara. Kati ya Busia na Malaba tulijua kila kichaka ambacho polisi walipenda kukalia. Nyuma ya lori langu la kwanza nilikuwa nimeandikisha "Haraka haraka haina baraka" kwa rangi nyekundu, na wale waliokuwa nyuma yangu hawakuwahi kupata nafasi ya kuisoma.

Sasa ile asubuhi. Wewe huenda umeisahau, mimi naikumbuka kuanzia kikombe. Uliniletea chai mpaka kwenye lori, ukaninyima sukari makusudi kwa sababu nilikataa kukubeba hadi Malaba. Nikainywa hivyo hivyo nikikunja uso, ukacheka sana. Kisha nikaondoka. Nikapita katikati ya soko letu nikiangalia kushoto na kulia kama kawaida yangu. Sikuwa natafuta watu, nilikuwa natafuta polisi. Hawakuwepo. Mbele kidogo, baada ya daraja, nikakutana na Wafula akija na lori tupu. Unamjua Wafula, yule tuliyejifunza kazi pamoja, aliyekuwa akikuletea ndizi kutoka Mbale. Akanipigia taa mara moja. Nikatoa mkono dirishani, nikaupunga. Akanipungia na yeye, akakanyaga mafuta, akapita.

Sikumdanganya, Skola. Polisi hawakuwepo kweli. Hilo ndilo limenitafuna miaka yote hii, kwamba nilisema ukweli. Nilikuwa nimetoka tu kupita soko lenye watoto, wamama, mbuzi na kisiagi cha mahindi, halafu nikamwambia mtu kwamba hakuna kitu.

Mama yako alikuwa amekutuma kisiagi ukiwa na debe kichwani. Mengine unayajua kuliko mimi, maana yalikupata wewe.

Kabla sijafika Malaba simu ililia. Nilipofika hospitali nilimkuta Wafula amekaa sakafuni nje ya chumba, shati lake limejaa damu yako. Hakukimbia. Wenzetu wengi wakigonga mtu wanakimbia, wakiogopa kuchomwa pamoja na lori. Yeye alikubeba mikononi, akapita na wewe katikati ya watu waliokuwa wameshika mawe. Aliponiona alisema polepole, bila hasira, "Boss, si ulinipea wazi?"

Nikainama kama mtu anayemfariji, nikamwambia sikioni, "Nyamaza. Hiyo maneno usiirudie mahali popote."

Na kweli alinyamaza. Polisi walipomuuliza alisema alikuwa na haraka zake. Mbele ya hakimu alisema kosa ni lake, wakamnyang'anya leseni. Wazee wa kwao walipokuja nyumbani kuomba msamaha, nilikaa kwenye kiti cha baba aliyeumizwa, nikawanunia, nikawaacha waombe mpaka mama yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilimsamehe Wafula mbele ya watu kumi na kitu, kwa sauti kubwa. Naandika maneno haya na masikio yanawaka.

Mfupa wako uliunga, lakini mguu wa kushoto ukabaki mfupi. Ulipoanza kutembea tena uani, ukishika ukuta, mimi nilijidai kwamba kuna nati ya lori imelegea, nikaingia chini yake nikalia. Ulipofika kidato cha kwanza uliniuliza, "Papa, mimi Wafula nilishamsamehe zamani. Mbona wewe jina lake likitajwa unatoka nje?" Nikakwambia nenda ukaoshe vyombo. Ulikwenda ukaviosha, na nadhani tangu siku hiyo ulijua kuna kitu.

Nimerudi kwenye kalamu. Foleni imesogea malori mawili tu, halafu mtu wa kule mbele akazima injini, nasi tukazima.

Sasa nikuambie kuhusu kamera yako, maana nayo nilikukosea. Ulipomaliza chuo ukarudi nyumbani, ukaanza kuzunguka na wamama wa sokoni, mara kwa chifu, mara kwa diwani, mara kule Busia kwenye ofisi za kaunti, mkiomba kamera ya mwendo iwekwe sokoni, nilidhani ni mambo ya vijana, yatapita. Nilikuwa nakuona ukitembea na ule mguu kutoka ofisi hii hadi ile, nami nakwambia mezani kwamba kamera ni mtego wa kunyonya madereva. Hukubishana na mimi. Ulikuwa unaniongezea mboga tu.

Halafu mlingoti wa kamera ukasimamishwa kweli, mwanzo wa soko. Na kabla yake, mbali kabisa, pande zote mbili, wakaweka ubao mkubwa unaosema kamera iko mbele, mwendo ni hamsini. Mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Nikakuuliza, "Sasa nyinyi mnatega panya halafu mnamwandikia barua? Mtamshika nani?"

Ukaniambia, "Papa, mimi sitaki kuwashika. Nataka wapunguze."

Miaka yangu yote barabarani kamera ilikuwa kitu cha kujificha na kutafutana. Wao wanajificha, sisi tunawatafuta, na mtoto aliye katikati ya barabara na debe kichwani hayumo kwenye mchezo kabisa. Wewe ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba aliyepaswa kuangaliwa ni yeye.

Hata hivyo sikubadilika siku hiyo, usije ukanisifu bure. Wiki ya pili nilipata ujumbe wa faini kwenye simu, na picha juu yake. Nikaapa mbele ya mama yako kwamba lori hilo si langu, kuna tapeli amenakili namba. Ukachukua simu, ukaivuta picha ikawa kubwa, ukasema, "Na hii kofia ya kijani yenye tundu, nayo wameinakili?" Mama yako alicheka hadi akaenda kukaa nje. Baada ya hapo nikawa mjanja kama wengine. Nikifika kwenye mlingoti naenda kama bibi harusi, nikiupita tu nakanyaga mafuta kabla hata sijafika kisiagi. Tulikuwa tunafundishana hivyo kwenye simu, dereva kwa dereva.

Na wewe ukaona. Ulikaa pale kwenye duka la mbolea siku nzima ukitutazama, ukarudi kwa wakubwa ukawaambia mlingoti mmoja hautoshi, wekeni wa pili kule mwisho wa soko, mashine ipime muda ambao gari limetumia kutoka wa kwanza hadi wa pili. Ukifika mapema kuliko inavyowezekana, umejisema mwenyewe. Hapo ujanja wetu ukafa. Madereva walilia kama wamefiwa. Mtu mmoja alipanda usiku akaivika kamera ya pili gunia, na nakuapia si mimi, ingawa gunia nililifahamu.

Lakini wacha nikuambie kilichonipata mwezi uliopita. Nilikuwa napita sokoni kwa hamsini, kutoka ubao hadi ubao, kwa mara ya kwanza bila kujaribu kuiba. Nikaona watu. Unaweza kudhani baba yako ni mjinga, lakini nimeishi pale maisha yangu yote na sikuwa nimewaona nikiwa nyuma ya usukani. Nilimwona yule mzee wa Chakol anayeuza kamba akihesabu vidole, sijui kwa nini. Nilimwona mama anayekaanga omena akimpangusa mtoto makamasi. Na nikamwona msichana wa shule, ana debe lake, amesimama ukingoni. Nikapunguza zaidi. Aliniangalia moja kwa moja usoni, akaangalia upande wa pili, kisha akavuka. Hakukimbia. Alivuka akitembea, kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni kwake.

Nilisimamisha lori baada ya ubao wa pili, nikakaa pale mpaka aliyekuwa nyuma yangu akaja kuuliza kama nimeishiwa mafuta.

Tangu milingoti hiyo miwili isimame sijasikia nduru ya ajali pale kwetu. Sijui mashine inaandika nini kule ofisini, hayo ni yako. Mimi najua wamama wamehamisha meza zao za nyanya karibu na barabara, mahali ambapo zamani hakuna aliyethubutu kuweka hata kiti. Wewe ndiye umefanya hivyo, mwanangu. Najivunia mpaka nashindwa kusema, na ndiyo maana nimekuwa nikikutania badala ya kusema.

Wiki jana nilipanda boda nikaenda Khunyangu kumtafuta Wafula. Nilimkuta shambani akipalilia mihogo, amezeeka, nami nimezeeka. Tulikaa kwenye mtaro. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha kwa ule mkono.

"Mkono haukukanyaga mafuta," akasema. "Mimi nilikuwa na macho, ningeangalia barabara. Hiyo niliibeba, na ni yangu." Akang'oa magugu kidogo. "Lakini uliniambia ninyamaze. Halafu ukakaa pale mbele ya wazee wetu, baba yangu anakupigia magoti, na wewe unajua. Hiyo ndiyo iliniuma, boss."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Mwambie mtoto. Mimi nimeshindwa kumwangalia kwa sababu najua kitu chake ambacho yeye hajui."

Tulipalilia mihogo mpaka jioni, na aliponisindikiza alinipa ndizi nikuletee. Zile ulizokula Jumapili ndizo.

Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyowaambia nyinyi vijana huku sisi wazee tumejifunika blanketi hadi kichwani. Sina la kukufundisha kuhusu barabara. Ila kuhusu kukosea naweza kuitwa fundi, kwa hiyo nisikilize hapo. Huko unakokwenda utakosea. Mashine itapima vibaya, au utasimamisha mlingoti mahali pasipofaa, na mtu atapata faini ambayo si yake, au mtu ataumia mahali uliposema pako sawa. Siku hiyohiyo fungua mdomo. Jambo likisemwa siku yake ni sentensi moja. Langu limenichukua karatasi sita na foleni nzima ya Malaba.

Na madereva usituchukie. Utakutana na wabishi, watakutukana, watavika kamera zako magunia. Wengi wao ni watu kama Wafula, mtu anayeweza kukubeba katikati ya mawe, ila hakuna aliyewahi kumpunguzia mwendo. Endelea kuwawekea ule ubao mkubwa. Atakayekwambia uzifiche ili mnase wengi, mkatalie, hata akiwa mkubwa wako.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Jumamosi hii chifu ameita baraza sokoni. Madereva wanataka kamera ya pili iondolewe, na wamenichagua mimi niwasemee, kwa sababu ni mkongwe na mdomo wangu unafahamika. Nilikubali. Kukataa kungetaka maelezo, na maelezo sikuwa nayo, au niseme nilikuwa nayo. Nikisimama pale nikaongea ninavyojua kuongea, huenda ikaondolewa kweli. Nami sitaki iondolewe. Nataka nisimame niwaambie wote, madereva, wamama, chifu, na Wafula akiwepo, kuhusu ule mkono. Niwaambie barabara niliyosema ni wazi ilikuwa na mtoto wangu ndani yake. Najua wengine hawatanipigia taa tena maisha yangu yote. Hiyo naiweza.

Lakini mguu si wangu. Niliuficha ukweli wako bila ruhusa, sitautangaza bila ruhusa. Huenda hutaki soko zima likutazame kwa njia hiyo, huenda hutaki kazi yako ianze na jina la baba yako likiwa midomoni mwa watu. Ukisema nisiseme, nitawaambia madereva watafute msemaji mwingine, na nitakaa kimya, lakini safari hii kwa amri yako.

Basi lako la kesho likishatoka stendi ya Malaba litapita kando ya foleni hii likielekea Bungoma. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama ukingoni mwa barabara, mbele ya lori langu, unalijua. Mwombe dereva asimame dakika moja, ushuke uniambie ndiyo au hapana. Kama una hasira, shuka nayo, nimeisubiri miaka mingi na nitaipokea. Na kama huwezi kuniangalia bado, baki kwenye kiti chako. Sitalifuata basi, wala sitakupigia simu mpaka unipigie wewe.

Hata ukipita bila kushuka, mwanangu, utakuwa umeondoka nyumbani ukimjua baba yako. Nilikunyima hilo muda mrefu, na leo nimekupa.

Ni mimi,
Papa